Mkalimani wa Mumewe

Oldřich alikuwa anajikuna tena. Alikuna shingo, akakuna viwiko, mwishowe akaingiza kijiko ndani ya fulana ili afike mgongoni. Mama yake, Bi Květa, akampiga kofi mkononi pale pale mezani.

"Kijiko cha supu hicho, wewe! Hivi una akili kweli?"

"Niache, mama. Ni vumbi la maua ya kutengenezea bia. Ghala zima limejaa."

"Marehemu babako alizeekea kiwanda cha bia. Sikumwona hata siku moja akijikuna kama mbwa."

Drahomíra, mke wa Oldřich, alikuwa anakula huku amefumba macho. Alikuwa amechoka. Kinu cha nyuklia cha mji wetu wa Olešnov kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo ya kila mwaka, na kinu kikizimwa ndipo mkaguzi anapokosa usingizi. Hakuajiriwa na kinu. Aliajiriwa na ofisi ya serikali ya usalama wa nyuklia, makao makuu Praha, ikamweka hapa ili awe jicho lake. Kwa hiyo wa kinuni walimwona mpelelezi, na majirani nao walimwona mtu anayeweza kuzima joto la mji mzima. Maana maji ya moto ya kinu ndiyo yanayopasha nyumba zetu, na hapa kwetu majira ya baridi hayana mzaha.

"Kazi inakwendaje huko ghalani?" akamuuliza mumewe, ili apate la kusema zaidi ya kwamba supu ni tamu.

"Aa, kazi! Nyapara wetu Šebesta ana haraka kama anafukuzwa. Wapimaji wakichelewa, anasema fungeni tu, nani atakuja kufungua aangalie?"

"Na nyinyi mnafunga?"

"Tufanyeje? Nibishane naye, kesho nirudi kukaa nyumbani nikihesabu njiwa dirishani?"

Tangu kiwanda cha vioo alimofanya kazi kifungwe, Oldřich alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu mno. Mshahara wa nyumba ulikuwa wa mke. Akiingia baa, wenzake walikuwa na mchezo wao: "Olda, mkaguzi amekukagua? Amekuruhusu glasi ya pili?" Alicheka nao, akarudi nyumbani mapema, akajilaza ameugeukia ukuta. Kazi ya ghala la bia ilipopatikana, Bi Květa alioka mikate ya mbegu za mipopi kana kwamba kuna harusi. Nani angemchokonoa mtu kama huyo kwa maswali? Mke alimwongezea supu, basi.

"Kesho nina wageni," akasema. "Wakaguzi wa nje."

"Yule Mslovakia wako mnene?"

"Anaumwa. Wanatuletea Mfini."

Oldřich aliweka kijiko chini.

*

Nchi za Ulaya zenye vinu zina desturi yao. Kila nchi ina ofisi yake na sheria zake, na hakuna wa kumwamuru mwenzake. Lakini wakaguzi hutembeleana. Huyu huja kutazama yule akifanya kazi, kama majirani wanavyoonjeshana mchuzi: chumvi imezidi, chumvi imepungua, halafu kila mtu na chungu chake. Mgeni ndiye anayechagua pa kwenda, papo hapo, mwenyeji asijue mapema. Mgeni humuuliza mfanyakazi yeyote anayemkuta. Na katika kikao cha jioni, mgeni ndiye wa kwanza kusema.

Mslovakia alikuwa hana shida, lugha yake na yetu ni ndugu. Mfini je? Ofisi ilikodi mkalimani mmoja, naye akachukuliwa na kundi lililokwenda chumba cha kuongozea kinu. Mfini mwenyewe, Bi Tuulikki, mama mrefu mwenye sauti ndogo, aliangalia ramani ukutani akaweka kidole kwenye ukumbi wa mitambo ya mvuke.

"Tuanzie hapa," akasema kwa Kiingereza. "Wewe utanitafsiria, sivyo? Tutaelewana."

"Tutaelewana," Drahomíra akajibu.

Ukumbini kulikuwa na kelele za misumeno na nyundo. Tuulikki alipita mitambo mikubwa bila kuitazama sana, akashuka ngazi hadi yalipopita mabomba ya maji yanayolisha mitambo. Mabomba hayo hulika kwa ndani polepole, maji yakikimbia miaka mingi. Ndiyo maana kila matengenezo huvuliwa koti lake la pamba ya mawe na bati, hupimwa unene wa ukuta, halafu huvikwa tena. Mafundi wa mkandarasi walikuwa wanavika. Nyapara alikuwa amesimama, mikono kiunoni, jina lake limeandikwa kwenye kofia ngumu. ŠEBESTA.

Drahomíra alisoma jina hilo mara mbili. Chini, miguuni pa nyapara, mtu alikuwa amepiga magoti akikaza mkanda wa bati. Kola yake ilikuwa imejaa vumbi la pamba ya mawe, na shingo ilikuwa nyekundu kwa kukunwa.

Jamani! Unamjua mgongo wa mtu uliyelala naye miaka ishirini. Hata kabla hajageuka alishajua.

Oldřich aliinua macho. Akamwona mkewe, akamwona mgeni, akainamisha uso haraka. Kisha akainuka, akavua glovu na kusimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Hakusema "Draha". Alisema:

"Habari za asubuhi, Bi Injinia."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, "Huyu ni mume wangu." Neno moja tu. Kanuni ya ofisi iko wazi: mkaguzi mwenye ndugu kinuni hutangaza siku ile ile, na hujitenga na sehemu ile. Lakini Šebesta alikuwa anatazama, mafundi wanatazama, mgeni wa nchi nyingine anatabasamu. Na pale mbele alisimama mtu aliyetoroka nyumbani kila alfajiri kuja kuficha kazi halali kana kwamba ni wizi. Angemvua nguo vipi mbele ya watu? Drahomíra akajibu, "Habari za asubuhi," kwa sauti ya mtu asiyemjua, na mlango ukafungwa.

"Muulize," akasema Tuulikki, "kabla ya kufunika bomba, anajuaje kwamba limeshapimwa?"

Drahomíra akauliza.

"Mwambie mgeni kuna alama ya rangi," Oldřich akajibu akitazama buti zake. "Wapimaji wakimaliza wanapaka. Ikiwepo, tunafunika."

Akatafsiri.

"Na hili alilofunika sasa hivi, lilikuwa na alama?"

Akauliza. Oldřich alimtazama Šebesta. Kisha akamtazama mkewe, na macho yale hayakuwa ya fundi kwa mkaguzi. Yalikuwa yanaomba.

"Lilikuwa nayo."

"Anasema lilikuwa nayo," Drahomíra akatafsiri. Kiingereza chake kilitoka safi, bila kujikwaa.

Mgeni alishukuru, akampa fundi mkono. Oldřich alifuta wake kwanza kwenye suruali. Walipokuwa wanapanda ngazi, Tuulikki akasema:

"Mtu mpole. Lakini mbona anatetemeka?"

"Anatuogopa," akasema Drahomíra. "Hapa kwetu wafanyakazi wanawaogopa wakaguzi."

"Kwetu pia," akasema mgeni, akaandika.

*

Saa ya chakula alimvizia kwenye korido ya makabati ya nguo. Alimkuta peke yake, anakula mkate na mafuta ya nguruwe.

"Tangu lini?"

"Tangu kizimwe."

"Uliniambia kiwanda cha bia."

"Nilikwenda kiwanda cha bia! Msichana wa pale aliniuliza umri, akacheka. Hapa hawakuniuliza kitu. Mikono miwili unayo? Ingia."

"Olda, unajua kanuni. Ungeniambia ningetangaza, wangenihamishia upande mwingine, ungefanya kazi yako kwa raha."

"Ningekwambia, ungekwenda kwa wakubwa ukasema mume wangu kapata kibarua, naomba mniwie radhi. Mji mzima ungejua hata kazi ya kufunga mabomba nimepata kwa ruhusa ya mke wangu." Akatafuna polepole. "Nilitaka kitu kimoja kisichopita mkononi mwako. Kimoja tu."

Maneno yale yalimchoma, lakini hakuwa na nafasi ya kuchomeka.

"Alama ilikuwepo?"

"Usiniulize hapa."

"Nikuulize wapi?"

"Nyumbani."

"Kikao ni jioni hii, Olda. Kabla ya nyumbani."

Akakunja karatasi ya mkate, akaitia mfukoni. "Mke wangu, zimebaki siku chache kazi iishe. Nyamaza. Mgeni atapanda ndege aende zake, mimi na wewe tutabaki hapa hapa na watu hawa hawa." Šebesta akapiga mluzi kutoka mlangoni, na Oldřich akaondoka mbio, mtu mzima wa mvi, kwa sababu ya mluzi.

*

Kikaoni walikaa wakubwa wa kinu, wakandarasi, wakaguzi wa kundi la pili na Šebesta, aliyeitwa kwa sababu sehemu yake ilikaguliwa. Mkalimani wa kukodi sasa alikuwepo. Drahomíra alijinunulia kahawa kwenye mashine, maana mkaguzi hanywi kahawa ya kinu, akaiacha ipoe.

Tuulikki alisema kwanza, kama desturi. Alisifu usafi, akasifu ngazi, akataja taa mbili zilizoungua. "Wafungaji wa mabomba nao," akasema, "walitueleza vizuri jinsi wanavyongoja alama ya wapimaji. Sina swali hapo."

Šebesta alijinyoosha kitini. Mkurugenzi wa matengenezo akafungua kitabu chake kuangalia ratiba ya kuwasha.

"Mimi ninalo," akasema Drahomíra.

Alisimama, ingawa hakuna aliyesimama kusema katika kikao kile.

"Fundi tuliyemhoji ni mume wangu. Sikujua kwamba anafanya kazi hapa mpaka nilipomwona. Nilipaswa kusema pale pale, sikusema. Kosa hilo ni langu, na ofisi yangu italipima. La pili. Jana, mezani kwangu, alisema nyapara wake anawaambia wafunike bila kungoja wapimaji. Alisema ni mambo ya ghala la bia, lakini jina la nyapara alilitaja. Alichonijibu leo nimekitafsiri kama alivyokisema. Sikiamini. Naomba mabomba yote yaliyofunikwa na kundi lile yafunguliwe."

Mkalimani alikuwa akimnong'oneza Tuulikki, na alipofika kwenye neno "mume" alisita.

"Huu ni uongo!" Šebesta akaruka. "Ugomvi wa kitandani kwao unaletwa kinuni!"

Watu wawili watatu walicheka. Mkurugenzi hakucheka.

"Bi Injinia, tukifungua, kuwasha kutachelewa. Baridi imeshaanza. Nyumba hazitapata joto."

"Najua. Ya kwangu ni ghorofa ya mwisho."

"Na kama yamepimwa? Kama ni mazima?"

"Basi tutakuwa tumejua."

Tuulikki alikuwa amemkazia macho muda wote. Sasa akamwambia kwa Kiingereza, polepole: "Pale chini, ulipokuwa unanitafsiria, ulishajua?"

"Nilishajua."

"Nami nimewasifu hapa mbele ya wote." Hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka, kama mwenyeji wake. "Basi na swali hilo liwe la kwangu pia. Yafunguliwe."

*

Yalifunguliwa. Alama haikuwepo hata moja kwenye mabomba ya kundi lile, na wapimaji waliapa kwamba hawakuwahi kufika. Oldřich alifukuzwa asubuhi iliyofuata. Wenzake wote walifukuzwa, Šebesta pamoja nao, lakini Šebesta alipata kazi kwingine kabla ya wiki kwisha. Watu wa namna ile hawalali njaa.

Joto la mji lilichelewa. Tulikaa nyumbani tumevaa makoti, watoto wanaandika masomo na glovu mkononi, na kila mtu alijua nani wa kushukuru. Muuza mikate alimhudumia Drahomíra wa mwisho, hata aliyekuja nyuma yake alipewa kwanza. Mwanamke mmoja alimwambia kwa sauti, ili wote wasikie: "Mimi wa kwangu hata akilewa namfichia. Wewe wako umemwanika kama shuka." Drahomíra alichukua mkate wake, ulikuwa wa jana, akaenda zake.

Nyumbani Bi Květa alikuwa amejifunika mablanketi mawili.

"Mkwe wangu, mimi si msomi. Niambie tu. Hukuweza kumwita pembeni mgeni wako, ukamwambia kwa siri?"

"Hakuna siri katika kazi ile, mama."

"Katika ndoa ipo."

Drahomíra alikwenda jikoni akalia. Bi Květa alimsikia, akamwacha kidogo, halafu akamfuata na blanketi moja akamfunika mabega. "Haya, basi. Basi."

Oldřich alikuwa hasemi naye. Alipita koridoni na ndara zake, akilala sebuleni. Ulipokuja ujumbe wa simu kwamba kipimo kimekamilika, ilibidi mke aende kusimama mlangoni pake.

"Wamemaliza."

"Na?"

"Mazima. Yote. Hakuna palipolika."

Oldřich alikaa kitako. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha.

"Mazima! Kwa hiyo nimefukuzwa kazi, mama anatetemeka, wewe unapewa mkate mkavu, kwa sababu ya bomba zima!"

"Jana hakuna aliyejua kwamba ni zima, Olda."

"Mimi nilijua! Nimefanya kazi na moto na vyuma maisha yangu yote. Niliyagonga."

"Huwezi kujua kwa kugonga."

"Siwezi," akakubali, na kicheko kikaisha. "Najua kwamba siwezi."

*

Ofisi haikumfukuza Drahomíra. Ilimhamishia Praha, kwenye meza ya karatasi, kwa kuwa alichelewa kutangaza. Alirudi nyumbani Ijumaa kwa treni, akaondoka Jumapili. Oldřich alipata kazi ya kufagia theluji ya manispaa, kazi ambayo haikupita mkononi mwa mtu yeyote. Alikuwa amerudi kulala chumbani, ingawa maneno yalikuwa bado machache.

Majira ya kuchipua, ukaletwa waraka wa mafunzo. Ofisi za nchi zote hupelekeana nyaraka za namna hiyo: jambo likitokea kwa mmoja, wengine walisome wasilirudie. Majina hayatajwi. "Katika nchi mojawapo," basi. Huu aliuandika Tuulikki, ukasomwa Madrid, Bukaresti, Stockholm na kwingineko. Drahomíra aliukuta mezani kwake kama mtu yeyote, akauleta nyumbani Ijumaa ile, maana hakutaka tena kitu kifichwe.

"Nisomee," akasema Oldřich.

Bi Květa alizima redio. Drahomíra akasoma, akitafsiri kwa lugha ya nyumbani. Mabomba yalifunikwa bila kupimwa. Mkaguzi mwenyeji alikuwa na uhusiano wa kifamilia na fundi. Wageni wasikubali kutafsiriwa na mkaguzi mwenyeji. Na sababu: "Fundi hakusema kweli kwa kuwa aliwaogopa wakaguzi."

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Nani amewaambia hivyo?"

Drahomíra aliweka karatasi chini. "Mimi. Aliniuliza mbona unatetemeka. Nikasema unatuogopa."

Oldřich aliinuka, akaenda dirishani. Alipogeuka, uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni, lakini sauti ilikuwa ya chini.

"Mimi nilimwogopa yule mama? Yule angekuja na mkalimani wake, au na yule Mslovakia mnene, ningemwambia. Haki ya Mungu ningemwambia, Šebesta asikie, mji mzima usikie. Ningesema hakuna alama, tunafunika kiholela. Neno lilikuwa hapa," akagusa koo. "Lakini wewe ndiye uliyeniuliza. Nimepiga magoti, nimejaa vumbi, na mke wangu ananiuliza kwa lugha yetu, halafu anawapa watu majibu yangu kwa lugha nisiyoijua. Ningesemaje kweli pale? Sikuogopa, Draha. Niliona haya."

Bi Květa alijifanya anatafuta miwani.

Drahomíra alikaa na maneno yale. Alikuwa ameyapima mambo ya siku ile usiku kwa mchana: kosa lake, kanuni, kikao, baridi. Hili hakuwahi kulipima. Alikuwa amesimama kati ya mumewe na ukweli, akidhani anautafsiri.

Alifungua kompyuta pale pale mezani, kati ya sahani, akaanza kuwaandikia Wafini. Aliandika kwamba neno "woga" lilikuwa lake, si la fundi. Aliandika kwamba angehojiwa na mtu mwingine yeyote, fundi yule angesema kweli, na kwamba nchi zote zilizousoma waraka zirekebishe hapo. Mumewe alisimama nyuma ya kiti, akitazama herufi asizoweza kuzisoma.

"Umeandika kwamba niliona haya?"

"Nimeandika."

"Na jina langu?"

"Hawaweki majina, Olda. Ni kanuni, wanakulinda."

"Mbona woga wangu waliuweka?" akasema. "Weka jina."